Jinsi ya kuhesabu mwenyewe vimbunga vinavyotua kwenye pwani yako

Mei 2024 ulitangazwa utabiri wa msimu: Bahari ya Atlantiki ingepata dhoruba zenye majina kati ya 17 na 25, na kati ya hizo 8 hadi 13 zingefikia kuwa vimbunga. Jioni hiyo jirani yangu, mama kutoka Uvira ambaye alikuwa hajatimiza hata mwaka hapa Houston, Texas, alinigongea mlango simu ikiwa mkononi. "Dada, wanasema vinakuja ishirini na tano. Watoto nitawapeleka wapi?"

Nilimkaribisha, nikabandika chai, nikatoa daftari langu. Tulichofanya mezani usiku ule ndicho ninachoeleza hapa. Nimeshakifanya na watu wengi, na nimeona kinavyomtuliza mwenye hofu na kumshtua yule aliyebweteka. Swali ni hili: msimu ukiwa na vimbunga vingi baharini, je, vingi zaidi hutua nchi kavu? Na kama ni kweli, linakuhusu vipi wewe mwenye nyumba moja katika mji mmoja?

Mimi ni mzaliwa wa Kilindoni, Mafia, na baba yangu alikuwa mtu wa jahazi. Houston nipo tangu 2007, nafanya kazi ya zamu ya usiku ya kutunza wazee. Hesabu ninayoelekeza ni ya kujumlisha na kugawanya tu. Kalamu, daftari na simu yenye intaneti vinatosha.

Amua kwanza unahesabu nini

Hapa ndipo wengi wanapotea, tena kabla hawajaanza. Ile "ishirini na tano" iliyomtisha jirani yangu ilikuwa hesabu ya dhoruba zote zinazopewa majina, yaani zile ambazo upepo wake umefika kilomita 63 kwa saa. Kimbunga ni dhoruba iliyokua hadi kilomita 119 kwa saa. Kimbunga kikali, kile cha daraja la 3 hadi la 5, kinaanzia kilomita 178. Wastani wa msimu mmoja wa Atlantiki, ukichukua miaka ya 1991 hadi 2020, ni dhoruba 14 zenye majina, vimbunga 7 na vimbunga vikali 3. Kwa hiyo ukisikia namba kubwa, uliza kwanza ni namba ya kundi gani.

Neno la pili la kuamua ni "kutua". Wataalamu wanasema kimbunga kimetua pale kitovu chake, lile jicho, kinapovuka mstari wa pwani. Kikipita kilomita 60 nje ya bandari yenu kikaezua mapaa na kujaza maji mitaani, katika hesabu hiyo hakijatua. Sandy ya Oktoba 2012 ilikuwa imeshabadilika na kupoteza sifa za kimbunga cha kitropiki muda mfupi kabla ya kuvuka pwani ya New Jersey, kwa hiyo mwenye kuhesabu kwa ukali haihesabu, ingawa watu wa New York na New Jersey wanaijua vizuri sana. Na hapa Houston, Allison ya Juni 2001 haikuwahi kufika hata daraja la kimbunga. Ilikuwa dhoruba tu, lakini mvua yake ilizamisha mji hadi jina lake likastaafishwa, yaani halitapewa dhoruba nyingine tena. Imelda ya 2019 nayo ilikuwa dhoruba tu.

Mimi nahesabu vimbunga vilivyotua, kisha pembeni ya ukurasa naandika kwa wino mwekundu dhoruba zilizoumiza watu bila kuwa vimbunga. Fanya utakavyo, ila ukishachagua usibadilishe katikati. Ukihesabu dhoruba mwaka huu na vimbunga mwaka ujao, daftari lako litakudanganya.

Faili la kumbukumbu na mitego yake

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, kinatunza faili linaloitwa HURDAT2. Ni la bure na ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na linaanzia mwaka 1851. Ukilifungua mara ya kwanza utaona bahari ya namba. Usikate tamaa, mpangilio wake ni rahisi.

Kila dhoruba inaanza na mstari wa kichwa, kwa mfano AL092017, HARVEY. AL ni Atlantiki, 09 ni dhoruba ya tisa ya mwaka, 2017 ni mwaka. Chini yake kuna mstari kwa kila saa sita: tarehe, saa, hali ya dhoruba, latitudo, longitudo, kasi ya upepo. HU maana yake ni kimbunga, TS ni dhoruba. Upepo umeandikwa kwa maili za baharini kwa saa: 64 ndiyo mpaka wa kimbunga, 96 ndiyo mpaka wa kimbunga kikali. Baada ya saa, mistari michache ina herufi L. Hiyo ndiyo unayoitafuta, maana ni alama ya kutua.

Mtego wa kwanza ni saa. Faili linatumia saa ya kimataifa, ambayo majira ya joto iko mbele ya Houston kwa saa tano. Harvey ilitua karibu na Rockport, Texas, saa nne usiku wa tarehe 25 Agosti 2017, lakini kwenye faili utaikuta tarehe 26, saa 0300. Mara ya kwanza nilidhani faili limekosea. Halijakosea, ni saa tu.

Mtego wa pili ni kwamba L haisemi ni pwani ya nani. Kimbunga kikitua Cuba kinapata L, kikitua Meksiko kinapata L. Lazima usome latitudo na longitudo, uangalie ramani. Kwa Texas mimi nachukua pwani ya kuanzia latitudo 26, pale mto Rio Grande unapoingia baharini, hadi karibu 29.7 kwenye mpaka wa Louisiana.

Mtego wa tatu ndio mkubwa, na umewapotosha watu wenye elimu kuliko mimi. Usianze kuhesabu mwaka 1851. Enzi zile hakukuwa na setilaiti wala ndege za kufuatilia. Dhoruba iliyozaliwa katikati ya Atlantiki ikafia hukohuko haikuandikwa, labda kama meli ilikutana nayo na mabaharia wakapona wakasimulia. Lakini iliyofika pwani iliandikwa, kwa sababu iliua watu na kubomoa nyumba. Mwaka 1914 faili lina dhoruba moja tu ya msimu mzima. Ukiiamini miaka hiyo kama ilivyo, utaona kana kwamba zamani sehemu kubwa ya dhoruba zilitua. Kumbe zile zisizotua hazikuonekana. Anza baada ya setilaiti, miaka ya 1970 au zaidi. Kwa hesabu ya usiku mmoja mezani, mimi naanza 2010.

Sasa hesabu

Chora safu tatu: mwaka, vimbunga vyote vya Atlantiki, vimbunga vilivyotua bara la Marekani. Puerto Rico niliitengea safu yake, kwa hiyo Maria ya 2017 haimo humu. Hivi ndivyo daftari langu linavyosomeka:

2010: 12, vilivyotua 0
2011: 7, kilitua 1
2012: 10, kilitua 1
2013: 2, vilivyotua 0
2014: 6, kilitua 1
2015: 4, vilivyotua 0
2016: 7, vilitua 2
2017: 10, vilitua 3
2018: 8, vilitua 2
2019: 6, vilitua 2
2020: 14, vilitua 6
2021: 7, vilitua 2
2022: 8, vilitua 2
2023: 7, kilitua 1
2024: 11, vilitua 5
2025: 5, vilivyotua 0

Jumlisha. Miaka 16, vimbunga 124, vilivyotua 28. Yaani katika kila vimbunga tisa, karibu viwili vilifika bara la Marekani. Vingine vilibaki baharini, au vilikwenda kwa watu wengine.

Sasa gawanya miaka mafungu mawili. Fungu la misimu yenye shughuli nyingi, vimbunga 8 au zaidi: 2010, 2012, 2017, 2018, 2020, 2022 na 2024. Hii ni misimu saba, vimbunga 73, vilivyotua 19. Gawa 19 kwa 7, unapata 2.7 kwa msimu. Fungu la pili, vimbunga 7 au pungufu: misimu tisa, vimbunga 51, vilivyotua 9. Ni kimoja kwa msimu.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Ukiyatazama mafungu kwa ujumla, msimu wenye vimbunga vingi hutua vingi zaidi, na katika miaka yangu 16 ni zaidi ya mara mbili na nusu. Asikudanganye mtu kwamba utabiri wa Mei ni maneno matupu.

Lakini usifunge daftari. Rudi kwenye lile fungu la misimu mizito uitazame moja moja. Msimu wa 2010 ulikuwa na vimbunga 12, na hakuna hata kimoja kilichotua Marekani. Msimu wa 2020 ulikuwa na 14, vikatua sita. Tofauti ya baharini ni vimbunga viwili, tofauti ya nchi kavu ni sita. Na 2016, ambao uko kwenye fungu la misimu ya kawaida, ulitua viwili, yaani unaushinda 2010. Kwa hiyo wastani unasema kweli kuhusu miaka mingi kwa pamoja, lakini mwaka mmoja unaweza kwenda kinyume kabisa. Mkono wa jirani yangu ulisimama hapo, kidole kikiwa kwenye ile sifuri ya 2010. Akaniuliza, "Hivyo kumi na viwili vilikwenda wapi?"

Vilikwenda wapi

Nilimjibu kwa maneno ya baba. Majahazi mangapi yameng'oa nanga Uarabuni ni habari moja, na mangapi yatatia nanga Kilindoni ni habari nyingine. La kwanza linategemea bandari yalikotoka, la pili linategemea upepo wa njiani.

Mambo yanayozalisha vimbunga vingi yanajulikana mapema kidogo. Maji ya Atlantiki ya kitropiki yakiwa ya moto kuliko kawaida, chakula ni kingi. El Nino ikitawala Pasifiki, upepo wa juu angani unakwenda kasi na mwelekeo tofauti na ule wa chini, na dhoruba inakatwa kichwa kabla haijasimama. El Nino isipokuwepo, njia ni nyeupe. Vumbi la Sahara likitanda sana, hewa inakauka. Mbegu zenyewe za dhoruba nyingi ni mawimbi ya hewa yanayoanzia upande wetu wa Afrika, juu ya Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, yanavuka Sahel kuelekea magharibi na kuingia baharini karibu na Senegal na Cape Verde. Karibu 60 hupita kila mwaka. Kila Agosti nikiona kwenye ramani ya setilaiti wimbi linatoka Senegal, nafikiria kwamba wiki moja nyuma lilikuwa juu ya Sudan, na baada ya wiki moja na nusu linaweza kuwa juu ya paa langu.

Hayo ndiyo yanayoweza kupimwa Aprili na Mei. William Gray wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado alianza kutoa utabiri wa namna hiyo mwaka 1984, na watu wake wanaendelea hadi leo.

Njia ya safari ni suala jingine. Katikati ya Atlantiki ya kaskazini hukaa eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa, na upepo unalizunguka kama mishale ya saa. Vimbunga husukumwa kwenye ukingo wake wa kusini kuelekea magharibi. Likitanuka hadi karibu na Florida, vinasukumwa moja kwa moja hadi Karibi na Ghuba ya Meksiko. Likilegea au likirudi mashariki, vinakata kona mapema, vinapanda kaskazini na kufia kwenye maji baridi. Mwaka 2010 vingi vilikata kona. Na eneo hilo hubadilika wiki hadi wiki. Hakuna anayeweza Mei kukuambia litakaa wapi tarehe 10 Septemba, ambayo ndiyo kilele cha msimu. Ndiyo maana idara ya Marekani inayotoa utabiri wa msimu inaandika waziwazi kwamba huo si utabiri wa kutua. Sentensi hiyo ipo kwenye kila tangazo, ila vyombo vya habari huiruka. Itafute, uisome, umsomee na jirani.

Kuna jambo la tatu ambalo sisi wa Texas na Louisiana lazima tulielewe kuliko wote. Ghuba ya Meksiko imezungukwa na ardhi karibu pande zote. Kimbunga kilichozaliwa katikati ya Atlantiki kina bahari kubwa ya kupotelea, lakini kilichozaliwa ndani ya Ghuba, au kilichoingia humo, karibu lazima kimfikie mtu. Kwa hiyo jumla ya Atlantiki nzima haitoshi, inabidi ujue vingapi vinazaliwa au kuingia Ghuba. Ongeza safu hiyo kwenye daftari. Kati ya vile sita vya 2020, vitano vilikuja kwa njia ya Ghuba: Hanna, Laura, Sally, Delta na Zeta. Isaias peke yake ndicho kilichopanda kwa upande wa Atlantiki hadi North Carolina.

Shuka hadi kwenye mtaa wako

Hatua hii ndiyo inayobadilisha mawazo ya watu. Chukua vile 28 vilivyotua, uchague vya pwani yako tu. Kwa Texas, tangu 2010, ni vinne: Harvey 2017, Hanna 2020, Nicholas 2021 na Beryl 2024. Sasa andika ukubwa wa msimu pembeni ya kila kimoja: 10, 14, 7, 11. Vitatu vilikuja katika misimu mizito, kimoja katika msimu wa kawaida. Na ile misimu mizito mingine, 2010, 2012, 2018 na 2022, haikuleta kimbunga Texas hata kimoja. Ukishuka zaidi, uchukue vilivyoigusa Houston yenyewe, Hanna kinatoka, maana kilitua kusini kabisa kwenye Padre Island. Unabaki na vitatu, na vitatu ni vichache mno kupigia hesabu ya wastani. Pwani ikizidi kuwa fupi, ukubwa wa msimu unazidi kukosa la kukuambia.

Rudi nyuma kidogo uone jambo la kutisha. Mwaka 1983 Atlantiki ilipata dhoruba nne tu zenye majina kwa msimu mzima. Moja kati ya hizo ilikuwa Alicia. Ilipata jina tarehe 15 Agosti ikiwa ndani ya Ghuba, na tarehe 18 ilikuwa imeshatua Galveston ikiwa daraja la 3, ikapasua vioo vya maghorofa ya katikati ya Houston. Siku tatu. Msimu wa 1992 nao ulikuwa mwembamba, na dhoruba yake ya kwanza yenye jina ilikuwa Andrew, iliyopiga kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti ikiwa daraja la 5. Na kimbunga cha Galveston cha tarehe 8 Septemba 1900, kinachokadiriwa kuua watu 8,000 hivi, kilikuja katika msimu ambao faili lina dhoruba saba.

Kwa upande wa pili, waulize watu wa kusini-magharibi mwa Louisiana kuhusu 2020. Laura ilitua Cameron tarehe 27 Agosti ikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Tarehe 9 Oktoba Delta ikatua Creole, kilomita 20 hivi kutoka palepale. Watu wa Lake Charles walikuwa bado na maturubai ya buluu juu ya mapaa.

Kule kwetu Afrika Mashariki hesabu hii inafanyika pia, ila kalamu haichoki. Vimbunga vingi vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji au hufia baharini. Tanzania wazee wanakumbuka kile cha Lindi cha Aprili 1952. Na tarehe 4 Mei 2024, wiki karibu tatu kabla jirani yangu hajanigongea mlango, Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimeishiwa nguvu. Mama alinipigia simu usiku ule, sauti ya upepo nikiisikia nyuma yake, mimi nikiwa kazini nimeshika chupa ya dawa ya mgonjwa. Nililia kwenye stoo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba pwani fulani haipigwi, mimi simkubalii.

Jinsi ya kusoma asilimia

Wale wa Colorado wanatoa pia asilimia ya uwezekano wa kimbunga kikali kutua bara la Marekani. Wastani wa miaka mingi ni asilimia 43. Aprili 2024 walisema 62, na vikali viwili vilitua, Helene na Milton, vyote Florida. Aprili 2025 walisema 51, na hakikutua kimbunga chochote, kikali wala kidogo. Watu wakasema wamekosea. Hawakukosea, 51 ni kama kurusha sarafu.

Ninachokuomba uone ni pengo lenyewe. Kati ya mwaka wa kawaida na mwaka uliotangazwa kuwa wa hatari sana, uwezekano ulipanda kutoka 43 hadi 62, na huo ni kwa pwani yote kutoka Texas hadi Maine. Ukiugawa kwa kipande chako cha pwani, unabaki na nyongeza ndogo juu ya hatari ambayo tayari ipo kila mwaka. Na usisahau 2013: utabiri ulikuwa vimbunga 7 hadi 11, vikatokea viwili. Aliyejiandaa mwaka ule hakupoteza kitu, maana betri na maji ya chupa vilikuwepo hadi mwaka uliofuata.

Cha kufanya na daftari hili

Nikamwambia jirani: maandalizi yako yasipande na kushuka na utabiri wa Mei. Yawe yaleyale kila mwaka, tena kamili. Utabiri wa msimu ni wa mashirika ya bima, serikali na wauza mbao. Wewe wako ni ule wa siku saba.

Bima ya mafuriko kwanza, kwa sababu ina tarehe. Ile ya mpango wa serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia. Alicia ilitoa siku tatu. Harvey ilijikusanya upya kwenye Ghuba tarehe 23 Agosti na kutua tarehe 25 ikiwa daraja la 4. Ukisubiri kuona jina kwenye televisheni umeshachelewa mwezi mzima. Mimi nalipia Aprili, kabla msimu haujafunguliwa tarehe 1 Juni. Bima ya kawaida ya nyumba, au ile ya mpangaji, hailipi mafuriko. Muulize wakala swali hilo kwa maneno hayohayo na umwombe akuonyeshe lilipoandikwa. Nimewaona watu wawili wa kwetu wakilia na karatasi mkononi baada ya Harvey kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Pili, jua herufi ya eneo lako la kuhama. Upande wa pwani kuelekea Houston maeneo yamegawanywa kwa misimbo ya posta, na kuna ramani yake. Jirani yangu hayumo kwenye eneo lolote la kuhama, na kujua hilo peke yake kulimshusha mabega. Kwake hatari si bahari, ni mvua na kukatika umeme.

Tatu, kuanzia Juni hadi Novemba fungua ukurasa wa Kituo cha Miami mara moja kwa siku. Mimi nafungua nikitoka zamu. Ukiona eneo lenye rangi ndani ya Ghuba, lipe uzito zaidi kuliko lililoko karibu na Afrika, kwa sababu la Ghuba halitakupa wiki. Ukianza kuona ule mchoro mweupe wa pembetatu, kumbuka unaonyesha mahali kitovu kinapoweza kupita, na mara moja katika kila tatu hivi kitovu hutoka nje yake. Upepo na mvua hufika mbali zaidi ya hapo. Beryl mwanzoni ilielekezwa kaskazini mwa Meksiko na kusini mwa Texas. Ikapanda kaskazini, ikatua Matagorda alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024, daraja la 1 tu, ikaacha wateja zaidi ya milioni mbili wa eneo la Houston bila umeme katikati ya joto la Julai.

Kwetu umeme ulirudi siku ya saba. Mahali ninapofanya kazi jenereta ilizimika usiku wa pili, na tulipepea wazee kwa vifuniko vya maboksi hadi asubuhi. Mmoja wao alikuwa ananishika mkono kila nilipotaka kwenda kwa mwingine. Nilikasirika sana, na bado nina hasira, kwa sababu jenereta hupimwa kabla ya Juni. Jirani yangu alikuwa na maji ya wiki mbili, jiko la gesi la kupikia nje, na dawa za mwanawe za mwezi mzima. Siku ya nne alitupikia ugali na maharage watu kumi na moja wa ngazi yetu.

Kuongeza mstari kila mwaka

Msimu ukifungwa tarehe 30 Novemba, subiri. Namba za mwanzo hurekebishwa, maana wataalamu hupitia kila dhoruba upya. Msimu wa 2020 ulifungwa ukiwa na vimbunga 13, kisha Gamma ikapandishwa wakawa 14. Faili jipya likitoka mwaka unaofuata, ndipo uandike kwa kalamu. Kabla ya hapo tumia penseli.

Mstari wa 2025 niliandika kwa penseli vimbunga 5, na kwenye safu ya Marekani sifuri. Wiki hiyohiyo mfanyakazi mwenzangu, Mjamaika, alikuwa hajampata mama yake kwa simu siku ya tatu. Melissa ilikuwa imetua magharibi mwa Jamaica tarehe 28 Oktoba na upepo wa kilomita 295 kwa saa. Nilipofika nyumbani nilichora safu ya nne kwenye daftari, nikaipa kichwa "pwani za wengine", nikaanza kurudi nyuma mwaka hadi mwaka kuijaza. Nawe ichore tangu mwanzo.